Mwanasayansi Bungeni

Askari anafahamu kwamba taarifa ya upelelezi, hata ikiwa sahihi, haina faida isipomfikia kamanda kwa wakati na kwa lugha ya wazi. Ndivyo ilivyo pia kwa sayansi mbele ya wenye kuamua mambo ya nchi.

Nchini Uingereza, Ofisi ya Bunge ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa mwaka 1989, hupokea wanafunzi wa shahada ya uzamivu kwa mafunzo ya kazi, kwa kawaida ya miezi mitatu. Mwanafunzi huwahoji wataalamu, maofisa wa serikali na wenye viwanda, kisha huwaandikia wabunge muhtasari wa kurasa chache usioegemea chama chochote. Aliyezoea kuwaandikia wataalamu wachache mamia ya kurasa hujifunza kusema jambo zito kwa ufupi.

Wako wanaorudi maabara wakijua utafiti wao unamhudumia nani. Wako wanaoacha maabara wakawa washauri wa serikali. Kuanzia mwaka 2008 ofisi hiyo ilishirikiana na Bunge la nchi jirani ya Uganda, ili wabunge wapate ushahidi wa kisayansi kabla ya kuamua.

Funzo ni dhahiri: taifa linalosomesha wataalamu bila kuwasikiliza limefungia silaha zake ghalani.