Gunia kwenye bomba la mvuke: nilishauri vibaya

Wiki hii nimeulizwa tena: "Bwana shamba, bomba linalotoka kwenye boila tulivishe nini?" Jibu ninalo, ila mara ya kwanza nililijibu vibaya, na mtu akaumia.

Kuna kikundi njia ya Peramiho kinasindika mtindi. Boila lao la kuni liko kwenye kibanda nje, na mvuke unasafiri mita 12 kwenye bomba la chuma la inchi moja hadi tangi la kupashia maziwa. Bomba lilikuwa wazi. Mwezi wa sita, baridi ya Songea si mnaijua, vijana walikuwa wanasimama pale kuota moto. Kumbe wanaota kuni zao.

Tupige hesabu. Bomba kama hilo likifika nyuzi 120 hupoteza takriban wati 120 kwa kila mita, na valvu moja isiyofunikwa hupoteza karibu sawa na mita nzima. Kwa mita 12 na valvu 4, ni kama jiko la umeme la wati 1,900 linawaka bure. Ukiwasha boila kwa saa 6 kila siku, hizo ni kilo 5 hivi za kuni kavu. Si utajiri, nakubali. Ila mvuke nao unapoa njiani na kugeuka maji, maziwa yanachelewa kufika nyuzi 85, na wewe unaendelea kuchochea tu.

Basi nikawaambia wazungushie magunia, wafunge na waya. Kuni zikapungua kweli, wakanishukuru. Mvua za Desemba zikaja. Gunia likanywa maji, na ukilizima boila jioni, chuma kinalala kwenye unyevu na vuguvugu usiku kucha. Hapo kutu inakula haraka kuliko kwenye bomba lililo wazi, maana la wazi likilowa linakauka. Na huioni, umeifunika mwenyewe! Msimu uliofuata bomba likatoboka kwenye kiungo, mvuke ukamuunguza kijana mmoja kuanzia kiwiko hadi vidole. Nilikwenda kumwona hospitali, sikuwa na la kumwambia.

Bomba jipya tulilifanya hivi. Kwanza tulilipima kwa maji ya shinikizo kuona kama linavuja, kabla ya kufunika chochote. Tukalisugua kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu inayostahimili joto. Soma kwenye kopo inavumilia nyuzi ngapi, maana redoksaidi ya kupaka mageti itababuka. Ndipo tukavisha sufu ya mawe ya unene wa milimita 40, halafu juu yake bati bapa la alumini. Bati ndilo lenye kazi kubwa hapa kuliko sufu yenyewe. Mshono wake unaelekea chini ubavuni, la juu linalalia la chini kama paa, na kila mwisho umezibwa kwa silikoni. Sufu ikilowa haizuii joto tena, na inakuwa gunia lile lile.

Valvu tumezishonea koti la kuvua na kuvaa, ili fundi asichane kila akija. Valvu ya usalama hatukuigusa, na wewe usiiguse.

Kwa wenye matangi ya kupoza maziwa, bomba la baridi hutoa jasho, nalo huleta kutu vile vile. Lile livishwe sponji nyeusi ya mafundi wa friji, maungio yagundishwe yasipitishe hewa. Na ukiuziwa mtambo chakavu wenye bomba lililofungwa kitu cheupe kama plasta, usikibandue. Huenda ni asbestosi, vumbi lake huharibu mapafu.

Kwenye viungo viwili vya lile bomba tumeacha kipande cha bati kinachofunguka. Mvua zikikata mwezi wa tano tutafungua tuone chuma kinafananaje, na yule kijana amesema atafungua yeye.