KIPINDI CHA 14: KAZI IMEISHA, NYUMBA IMEFUNGWA. TUTALINDAJE AFYA YA WATOTO?

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukitega sikio.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja: familia kukosa mahali pa kulala baada ya baba au mama kupoteza kazi. Huenda ukauliza, je, hili nalo ni jambo la afya? Ndiyo, ni la afya kabisa. Nyumba humkinga mtoto na baridi, mvua na mbu. Ndani ya nyumba ndimo tunamoweka dawa, maji safi na kitabu cha kliniki. Nyumba ikienda, magonjwa hayako mbali.

Kwanza tuondoe aibu. Kupoteza kazi si uvivu wala laana. Mwaka 2005, mkataba wa kimataifa wa biashara ya nguo ulipofika mwisho, viwanda vya nguo vya EPZ vilipunguza wafanyakazi. Mwaka 2009 kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa na mji mzima ukatetemeka. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, hoteli za Pwani zilifunga milango, na mashamba ya maua ya Naivasha yakawarudisha wengi nyumbani. Watu hao walikuwa wakiamka alfajiri kama wewe.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Mumewe alikuwa kibarua wa mjengo, na mjengo ukasimama. Mwezi wa kwanza waliuza redio na kulipa nusu ya kodi. Mwezi wa pili walianza kulala bila chakula cha jioni ili watoto wapate. Mama hakumwambia mtu. Alipokutana na mwenye nyumba, alipita njia nyingine. Mwezi wa tatu alirudi kutoka kufua nguo za watu akakuta kufuli mpya mlangoni.

Ndani ya chumba kile mlibaki nini? Si kitanda na sufuria tu. Mlibaki kitabu cha kliniki cha mtoto wake wa miezi tisa, aliyekuwa apelekwe chanjo ya surua wiki ile. Mlibaki pia dawa zake za ARV. Mama huyu alikaa siku nne bila kumeza dawa, kwa sababu aliogopa kuulizwa maswali kliniki. Kumbe angefika kliniki siku ya kwanza, angesaidiwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kinachoumiza familia nyingi ni kunyamaza mpaka siku ya kufuli. Basi tuangalie mambo ya kufanya.

SEMA MAPEMA

Mara tu kazi inapoisha, msingoje pesa ziishe. Kaeni chini baba na mama, mhesabu kilichopo. Kisha nendeni kwa mwenye nyumba mkiwa bado mna kitu mkononi. Mwambieni ukweli, mlipe kidogo, mwombe muda au chumba cha bei nafuu kwenye ploti ile ile. Andikeni mliyokubaliana. Wenye nyumba wengi huwa wakali zaidi kwa mtu anayejificha kuliko kwa mtu anayekuja kuzungumza.

Mjue pia haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua apewe notisi ya angalau mwezi mmoja. Alipwe siku za likizo alizobakisha, na pia malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwa hiyo aliyefanya kazi miaka minne hudai siku 60. Pesa hizo ni kodi ya miezi kadhaa! Ukinyimwa, nenda kwa afisa wa leba aliye karibu nawe.

Na kwa nyumba za kodi ya chini zinazolindwa na sheria ya kudhibiti kodi, mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa au kuchukua vyombo vyako bila amri ya baraza la kodi. Akiondoa mlango au mabati, mwambie mzee wa mtaa na chifu mara moja.

TAYARISHA MFUKO WA KARATASI

Chukua mfuko wa plastiki usiopenya maji. Tia humo kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitabu cha kliniki, kadi ya dawa na barua za shule. Mfuko huo uweke kwa jirani unayemwamini, au utembee nao. Kama kuna mtu anayemeza dawa kila siku, za ARV, za kifua kikuu, za presha au za kifafa, awe na dawa za siku chache mfukoni.

Na kama karatasi zimefungiwa? Nenda kliniki hivyo hivyo. Kliniki ya serikali itaendelea na chanjo za mtoto wako na kukuandikia kitabu kingine. Chanjo hazilipiwi. Kituo chochote cha serikali kinachotoa ARV au dawa za kifua kikuu kinaweza kukusaidia usikatize dawa. Sema tu, "Nimehama, dawa zangu zimebaki." Muuguzi amesikia maneno hayo kabla yako.

MKIHAMIA CHUMBA KIDOGO

Wengi huanza kwa kuhamia chumba kimoja cha mabati. Hatari kubwa hapo ni jiko la makaa. Wakati wa baridi ya Julai, watu hulala na jiko ndani, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Moshi usioonekana wala kunuka huua familia nzima ikiwa usingizini. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Maji ya mtaani nayo yatibiwe. Chemsha, au tumia dawa ya maji kama chupa inavyoelekeza. Ukikosa kuni na dawa, jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juani kwa saa sita. Siku za mawingu, iache siku mbili mfululizo.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki kutoka kliniki. Ukiwa mbali, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, huku mkielekea kliniki.

MKIPOKEWA NA NDUGU

Ndugu akikupokea, Mungu ambariki. Lakini watu tisa katika vyumba viwili huambukizana. Fungueni madirisha mchana. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Upele ukimpata mmoja, nyote mliolala pamoja mtibiwe siku moja, la sivyo utazunguka nyumba mwaka mzima.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema. Nyumba ikijaa, watoto hulala popote, na si kila mtu mzima ana nia njema. Panga watoto walale karibu nawe, na wafundishe kwamba wanaweza kukuambia jambo lolote bila kuchapwa. Mtoto au mtu mzima akinajisiwa, msimwoshe, msifue nguo zake; nendeni hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Namba 116 ni ya kusaidia watoto na namba 1195 ni ya waliodhulumiwa kijinsia. Kupiga ni bure.

Tena kubalianeni mapema na mwenyeji wenu: tutakaa muda gani, nani atapika, nani atateka maji. Mgeni anayesaidia kazi hachokwi haraka.

WATOTO WAKIPELEKWA USHAGO

Familia nyingi hupeleka watoto kwa nyanya. Ni njia nzuri, lakini msiwapandishe matatu na begi la nguo tu. Wapewe kitabu cha kliniki na barua ya uhamisho kutoka kwa mwalimu mkuu. Masomo katika shule za msingi za umma hayalipiwi karo tangu mwaka 2003, kwa hiyo kuhama kusiwe mwisho wa shule.

Na ujue hili: mtoto aliyelelewa Nairobi au sehemu nyingine za baridi mwili wake haujazoea malaria. Akienda pande za Ziwa, Magharibi au Pwani, anaweza kuugua vibaya kuliko binamu zake. Alale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza. Akipata joto la mwili, apimwe siku hiyo hiyo. Mwambie nyanya waziwazi, asingoje.

MKILALA KIBANDANI AU VERANDANI

Mara nyingine hakuna ndugu, na familia hulala kwenye kibanda cha soko, stejini au kwenye veranda ya duka. Kama imefika hapo, msilale peke yenu. Tafuteni familia nyingine au mahali penye mlinzi na taa. Ombeni kanisani au msikitini hata kama si mshiriki. Laza maboksi chini kabla ya blanketi, kwa sababu baridi nyingi hutoka sakafuni. Mtoto mchanga abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, huku ukijifunika leso na sweta.

Mtoto akipumua haraka, akivuta mbavu ndani, akikataa kunyonya au akilegea, hiyo si homa ya kawaida. Mkimbize hospitali usiku huo huo.

CHAKULA NA MAZIWA YA MAMA

Akina mama huniuliza, "Mawazo yamekausha maziwa yangu, nimpe mtoto nini?" Mama, mawazo yanaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini hayakaushi titi. Kaa mahali patulivu, kunywa maji, mnyonyeshe mara nyingi, usiku na mchana. Jinsi mtoto anavyonyonya, ndivyo maziwa yanavyokuja. Kwa miezi sita ya kwanza titi linamtosha, na ni chakula kisichohitaji jiko wala kodi. Usimpe maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji.

Pesa zikipungua, mama huwa wa kwanza kujinyima. Lakini mama akianguka, nyumba yote imeanguka. Gawaneni kilichopo. Maharagwe yaliyolowekwa usiku hutumia makaa machache. Omena kidogo iliyosagwa kwenye uji humjenga mtoto. Mboga kama terere, managu na kunde zina nguvu kuliko mkate na chai ya rangi.

Mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano akikonda, mpeleke akapimwe mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mwone mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tangu mwaka 2023 anaitwa promota wa afya ya jamii. Yeye huzunguka mtaani kwenu, na anajua mahali pa kukuelekeza.

MOYO NAO UNAUGUA

Mtu akipoteza kazi na nyumba hujiona si kitu. Baba huanza kukawia nje, kunywa pombe au kugombana, wengine hutoroka. Mama naye hukaa akitazama ukuta, hali, halali, hata kumchapa mtoto bila sababu. Hali hii ikidumu wiki mbili, ni ugonjwa unaotibika. Mwambie muuguzi. Na mtu akisema afadhali kufa, msimchekelee wala msimwache peke yake. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya ushauri, 1199, isiyolipiwa.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno machache: "Baba hana kazi sasa. Si kosa lenu. Tutakuwa pamoja." Mtoto asipoambiwa, hufikiri yeye ndiye mkosaji. Hata mkilala mahali pageni, fanyeni yale mliyokuwa mkifanya: kunawa uso, kuomba, hadithi fupi, kulala. Kwa mtoto mdogo, hayo pia ni nyumbani.

Msikilizaji, nyumba iliyofungwa leo inaweza kufunguliwa, au nyingine kupatikana. Lakini chanjo iliyopita, dawa iliyokatizwa na mtoto aliyezimia kwa moshi vinaweza kukosa kurekebishwa. Linda hayo kwanza. Na wewe uliye na nyumba, ukiona mlango wa jirani una kufuli mpya, usipite ukitazama chini. Uliza, "Mama, watoto wamelala wapi?"

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Sema mapema kwa mwenye nyumba, ndugu, chama na mhudumu wa afya.
2. Weka kitabu cha kliniki, vyeti na dawa katika mfuko mmoja, nje ya chumba.
3. Usikatize dawa wala chanjo kwa sababu umehama.
4. Jiko la makaa lisilale ndani.
5. Mtoto anayepelekwa sehemu za malaria alale ndani ya neti.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni kitu gani huwazuia watu wa mtaa wetu kusema mapema wanapokosa kodi?
2. Chama chetu kinaweza kufanya nini mwanachama akifungiwa nyumba?
3. Je, mfuko wako wa karatasi uko wapi leo?