Kuvuka Likoni kwa Motokaa

Msafiri atokaye Ganjoni kwa motokaa kwenda Diani hushuka mpaka feri ya Likoni. Wageni huuliza kwa nini pale hapana daraja la magari. Sababu ni kuwa mlango ule ndio njia ya meli kubwa ziingiazo Kilindini, na daraja fupi lingezizuia.

Akiisha kuingia ferini, dereva yampasa kuzima mashine na kukaza breki ya mkono. Tarehe 29 Septemba 2019 motokaa moja iliteleza kinyumenyume ikazama, na mama na bintiye wakafa. Basi macho yafurahie bahari, lakini mkono usisahau breki.