Mvua za Masika Matulo: Kweli au Si Kweli?

Ifikapo mwisho wa Februari, mashamba kutoka Matulo, Bungoma, hadi Kitale yamelimwa, mbegu zimenunuliwa au zinadaiwa, na kila mtu ana utabiri wake. Duka la mbolea lina wake, stendi ya bodaboda ina wake, na redio inasoma ule wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa wa Machi, Aprili na Mei. Mengi yanayosemwa yana ukweli ndani yake, ila mara nyingi ni ukweli wa pwani, wa Nairobi, au wa mwaka mwingine. Tuyapime moja moja.

1. "Mvua ikianza Mombasa, wiki ijayo iko hapa."

SI KWELI. Pwani hutazama Bahari ya Hindi. Kaskazi ikilegea na kusi ikaingia, mnamo Aprili, mvua hushika, na Mei ndio mwezi mzito kule. Huku magharibi unyevu mwingi hutoka upande wa pili: Ziwa Victoria, na hewa inayovuka kutoka misitu ya Kongo. Ndiyo maana Julai na Agosti, Nairobi wakiwa kwenye baridi kavu, Bungoma na Kitale bado kunanyesha. Masika ya miezi mitatu ni ya wengine. Yetu huanza Machi na kuendelea hadi Septemba au kupita hapo. Ndiyo maana pia mahindi ya H614 ya Kenya Seed, yanayokaa shambani karibu miezi sita, yamekubali Trans Nzoia.

2. "Mvua ya kwanza ya Machi ni ya kupandia."

SI KWELI, na uongo huu ni wa gharama. Mvua moja kubwa inaweza kuwa dhoruba ya radi iliyopanda kutoka ziwani alasiri moja tu. Mbegu inakunywa maji, inachipua, kisha jua la wiki mbili linaiua, na mkulima anarudi dukani kununua mbegu upya. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu ni hiki: milimita 20 ndani ya siku tatu au chini yake, bila kufuatwa na ukavu unaozidi siku 10. Milimita 20 ni lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Kipimo hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza utaiona kwa jembe, ukichimba na kukuta unyevu umeshuka kwenye udongo wenyewe, si juu tu. Ya pili huwezi kuiona kwa macho. Hiyo ndiyo unayoitafuta kwenye utabiri wa wiki. Kungoja hadi Mei nako si dawa, kwa sababu mahindi yaliyochelewa hupoteza mazao.

3. "El Niño ikitangazwa, masika yatakuwa mafuriko."

MARA NYINGI SI KWELI. El Niño hutikisa zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, kama zile za 1997 ambazo watu hawajazisahau. Kwa Machi hadi Mei uhusiano wake ni dhaifu. Mapema 2018 Bahari ya Pasifiki ilikuwa kwenye La Niña, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa ukame, lakini masika ya mwaka huo yalikuwa kati ya yenye mvua kubwa kabisa nchini, na Mei 9 bwawa la Solai, Nakuru, likapasuka. Kinachobeba masika kwa kiasi kikubwa ni wimbi la mawingu linalozunguka dunia karibu na ikweta kwa siku 30 hadi 60. Likifika Bahari ya Hindi linaweza kutuletea majuma ya mvua. Likipita, linaacha ukavu. Huonekana majuma mawili hivi kabla. Februari hakuna awezaye kukuambia litakuwa wapi katikati ya Aprili.

4. "Kimbunga kiko Msumbiji, sisi kinatuhusu nini?"

KINATUHUSU, ila inategemea kimesimama wapi. Machi 2019, wakulima wakingoja mvua, kimbunga Idai kilivuta unyevu kuelekea kusini na kupiga Beira. Mvua zikachelewa sehemu nyingi za Kenya. Mwaka mmoja kabla, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki wa Madagaska, pepo za magharibi zikapata nguvu, na unyevu wa Kongo ukasukumwa hadi kwetu. Ukisikia kimbunga, uliza kiko upande gani wa Madagaska kabla ya kufurahi au kuhuzunika.

5. "Mchana mvua ni ya Bungoma, usiku ni ya ziwa."

KWELI. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo wa ziwa unavutwa kuelekea Elgon na miinuko ya Nandi, na kufikia saa tisa alasiri ngurumo zimeanza. Usiku nchi inapoa, upepo unageuka, na pepo za pande zote zinakutana juu ya maji yenye joto. Dhoruba kali za ziwani huja sana kati ya usiku wa manane na alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa omena wako nje na taa zao. Omena inayopimwa kwa kopo sokoni imevuliwa katika saa za hatari, na ziwa shwari la jioni halimdhaminii mvuvi chochote.

6. "Hapa hakujanyesha, Nzoia haiwezi kufurika."

SI KWELI. Mto Nzoia huanzia milima ya Cherangany na kupokea mito ya Elgon kama Kuywa. Maji yaliyonyesha juu usiku hupita Webuye kukiwa na jua, kisha huwafikia watu wa Budalangi huko chini, ambao wengi wao wamewahi kuhama chini ya anga safi. Mwenye shamba ukingoni mwa mto atazame mlimani kwanza.

7. "Ukifuata redio, umewaacha wazee wa mvua."

SI KWELI. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, Vihiga, unaojulikana kwa kusoma maua ya miti, mchwa, ndege na upepo, umekaa meza moja na Idara na kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, kulinganisha dalili zao na ramani kabla ya msimu. Dalili za Nganyi huongea juu ya kijiji. Ramani huongea juu ya kanda nzima.

8. "Walisema mvua juu ya kawaida, shamba langu likakauka. Wametudanganya."

SI LAZIMA. Utabiri wa msimu hupanga miaka iliyopita kutoka mkavu hadi wenye mvua nyingi, kisha huigawa mafungu matatu: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Ukiambiwa juu ya kawaida ni asilimia 50, kawaida 30 na chini 20, maana yake utabiri wa namna hiyo ukitolewa mara kumi, mara mbili kutakuwa kukavu, na utabiri haujakosea. Tena unahesabu jumla ya miezi mitatu. Jumla nzuri inaweza kumwagika katika majuma matatu na kuacha mahindi yakinyauka wakati wa kutoa mbelewele.

Kwa hiyo utabiri wa Machi hadi Mei utumie kuchagua mbegu ya muda mrefu au mfupi, na kuamua ukope mbolea kiasi gani. Siku ya kupanda iulize kwenye utabiri wa siku saba unaotolewa na ofisi ya hali ya hewa ya kaunti. Ukimpata afisa wake, usimwulize kama mwaka huu kutanyesha; mwulize mvua itashika lini, na baada ya kushika itakatika kwa siku ngapi.