Mtoto Anayetafutiwa Wazazi Mahakamani

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hatuna sungura wala fisi. Tuna mtoto mchanga aliyekutwa alfajiri kwenye kibaraza cha zahanati moja huko Kenya, amefungwa leso, analia. Kisa ni cha kutunga, lakini njia atakayopita ni ya kweli.

Muuguzi akamwinua. Moyo ulimwambia aende naye nyumbani, ila sheria haimruhusu. Akapiga ripoti polisi, na mtoto akapelekwa makao ya watoto. Polisi wakaanza kuuliza: nani alikuwa mjamzito hapa juzi? Nani alipita usiku?

Kazi hiyo hupewa miezi sita. Najua mnataka kusema ni mingi. Lakini fikirini, labda mama yupo, anaumwa, au kuna mtu anamtisha, na mwezi wa nne akatokea akimtafuta mwanawe. Tungemwambia nini? Kwa hiyo watu husubiri. Asipotokea mtu, polisi huandika barua ya mwisho, na mtoto hutangazwa kuwa yuko huru kuasiliwa, yaani kupewa wazazi wapya kisheria.

Sasa waingie mke na mume wa Nakuru. Kupenda watoto hakutoshi. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, angalau mmoja wao awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefika 65. Ndugu wa damu hulegezewa masharti hayo. Kisha kuna maswali ya kazi, afya, nyumba, na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mimi ningeanza kwa kuuliza kama jioni huwa wanacheka, lakini hakuna aliyenifanya jaji.

Wakikubalika, mtoto huhamia kwao na kukaa nao miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijafika mahakamani. Hapo ndipo watajua usingizi wa mtoto ulivyo!

Wakili huandika ombi na kulipeleka Mahakama Kuu. Mahakama nayo humteua mtu mzima mmoja awe mlinzi wa mtoto katika kesi. Huyu hakuja kuwapendeza wazazi. Anakwenda nyumbani, anaangalia mtoto analala wapi, anakula nini, anamkimbilia nani akiogopa, kisha anamwandikia jaji. Mtoto mchanga hawezi kusimama kusema, basi yuko anayesema kwa niaba yake. Mtoto mkubwa huulizwa mwenyewe, na neno lake lina uzito.

Siku ya kesi, umma hauruhusiwi kuja kutazama. Jaji anasoma ripoti, anauliza mawili matatu, na swali lililo kichwani mwake ni moja: huyu mtoto atafaidika? Huruma kwa wasio na mtoto haitoshi kumfanya atie sahihi.

Akishatia, mtoto huandikwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa na kupewa cheti. Kisheria ni kana kwamba amezaliwa na wazazi hao, na hurithi pamoja na watoto wao wengine.

Kwa Waislamu, kama jamaa zetu wa Lamu na Mombasa, ipo njia nyingine, kafala. Mtoto hulelewa kwa mapenzi yale yale, lakini nasaba ya baba aliyemzaa haifutwi. Harithi kama mwana wa kuzaa, ila mlezi anaweza kumwusia mali, isiyozidi theluthi.

Mbona mkono umeinuliwa huko nyuma? Eti wazazi waliomwasili mtoto wakichoka naye wanaweza kumrudisha? Hapana, mjukuu wangu. Hata akivunja kioo, akikataa sukuma wiki, akifeli hesabu mwaka mzima, atagombezwa kama wewe unavyogombezwa, kisha ataitwa mezani kula.