Ndoa ya mgeni Maryland: leseni ya kaunti ni mlango wa kwanza tu

Mwafrika Mashariki anayeishi Adelphi, katika jimbo la Maryland nje kidogo ya jiji la Washington, anaweza kupata leseni ya ndoa hata kama yeye na mwenzake si raia wa Marekani.

Sheria ya jimbo haidai uraia, wala haidai kwamba wachumba wawe wameishi Maryland kwa muda fulani.

Hata hivyo, leseni hiyo ni mlango wa kwanza tu. Viongozi wa dini wana masharti yao, na Idara ya Uhamiaji ina maswali yake. Swali moja linarudi katika milango yote mitatu: je, wanaotaka kuoana wako huru kuoana?

Anayelijibu isivyo kweli anaweza kuipoteza ndoa yenyewe, haki ya kuishi Marekani, au hata uhuru wake.

Upper Marlboro au Rockville?

Adelphi imo katika Kaunti ya Prince George's, na leseni ya ndoa hutolewa na karani wa mahakama ya kaunti hiyo mjini Upper Marlboro.

Jambo linalowakwaza wengi ni kwamba leseni hutolewa na kaunti ambamo ndoa itafungwa, si kaunti wanakoishi wachumba. Silver Spring iko mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka Adelphi, lakini imo katika Kaunti ya Montgomery. Wanaofunga ndoa huko hawana budi kuchukua leseni Rockville. Wanaofunga ndoa ndani ya jiji la Washington huhitaji leseni ya mahakama ya jiji hilo.

Leseni ya Maryland huanza kutumika saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili baada ya kutolewa, na hudumu miezi sita. Jimbo halidai kipimo cha damu wala mashahidi.

Aliyewahi kuoa au kuolewa hutakiwa kueleza kwa kiapo jinsi ndoa hiyo ilivyokoma, lini na wapi. Karani hana mbele yake daftari la ndoa za Moshi, Kisumu au Goma, hivyo uzito wa ukweli humwangukia mwombaji mwenyewe. Kufunga ndoa nyingine huku ya kwanza ingalipo ni kosa la jinai Maryland, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 9.

Ndoa ya nyumbani nayo ni ndoa

Wapo wanaodhani kwamba ndoa ya kimila, isiyo na cheti, haihesabiwi wakishavuka bahari. Dhana hiyo ni ya hatari.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za kimila sambamba na za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu na za kiserikali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakwenda mbali zaidi: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakijulikana na watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kuvunja ndoa nako kuna utaratibu. Kwa kawaida Tanzania hudai shauri lifikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ndiyo itoe talaka.

Maryland nayo imewahi kulikabili suala hilo. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo wakati huo iliitwa Mahakama ya Rufaa, iliamua kesi ya Aleem dhidi ya Aleem. Mume, mkazi wa Maryland, alikuwa ametoa talaka ya Kiislamu katika ubalozi wa Pakistan mjini Washington, wakati mkewe amekwisha kufungua shauri la talaka mahakamani. Mahakama ilikataa kuitambua talaka hiyo.

Masharti ya kanisa na ya msikiti

Kanisa Katoliki hudai cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, hata kama mhusika bado ana kile alichopewa utotoni. Sababu ni kwamba ndoa ya Mkatoliki huandikwa katika daftari la parokia alikobatizwa. Cheti kipya huonyesha kama kuna ndoa iliyokwisha kuandikwa humo. Baada ya harusi, paroko wa Maryland hupeleka taarifa kwenye parokia hiyo, iwe Bukoba au Bungoma.

Wachumba huhudhuria pia mafundisho ya ndoa, na ndoa hufungwa mbele ya mashahidi wawili. Mkatoliki anayeoana na Mkristo wa dhehebu jingine huhitaji ruhusa ya askofu. Anayeoana na asiyebatizwa huhitaji kuondolewa kizuizi. Talaka ya mahakama peke yake haimfungulii mtu ndoa ya pili kanisani ikiwa mwenzake wa kwanza yu hai. Lazima mahakama ya Kanisa ichunguze iwapo ndoa ile ilikuwa halali tangu mwanzo.

Kwa Waislamu, nikaha huhitaji idhini ya wahusika, mashahidi wawili na mahari, na kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, walii wa mwanamke. Lakini imamu, sawa na padri au mchungaji, haruhusiwi na sheria ya Maryland kufungisha ndoa pasipo leseni.

Macho ya Idara ya Uhamiaji

Cheti cha ndoa hakimpi mgeni ukazi wa kudumu papo hapo. Mwenzake mwenye haki hiyo huwasilisha ombi, na wote wawili huthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli na kwamba ndoa zote za awali zilikwisha kisheria. Ndoa ya mke wa pili haitambuliwi katika uhamiaji, hata kama ni halali nchini ilikofungwa.

Anayeingia kwa viza ya uchumba hutakiwa kufunga ndoa na aliyemwombea viza hiyo ndani ya siku 90. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili siku ukazi unapokubaliwa, ukazi huo huwa wa masharti kwa miaka miwili.

Ndoa ya udanganyifu huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 5, faini ya hadi dola 250,000, au vyote viwili. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1994 inamruhusu mwenzi anayeteswa na mume au mke aliye raia au mkazi wa kudumu kujiombea ukazi mwenyewe, bila kumtegemea anayemtesa.

Wanaochagua kuoana nyumbani

Mgeni anayefunga ndoa Kenya hutakiwa kuleta hati ya nchi yake inayoonyesha kwamba hana kizuizi cha ndoa. Ufilipino, kwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987, humdai mgeni hati kama hiyo kutoka kwa ubalozi wake.

Maryland haidai hati ya namna hiyo. Ndiyo maana wachumba hufanya vema kukusanya vyeti vya talaka au vya kifo kabla ya kwenda Upper Marlboro, kwani karani asipoviulizia, padri ataviulizia, na baada ya padri, afisa wa uhamiaji.