LILILOTANGULIA SI LAZIMA LIWE CHANZO

Jogoo huwika, kisha kukapambazuka. Lakini hata asipowika, kutakucha. Jambo hilo kila askari alilijua tangu utotoni. Hata hivyo watu wazima, na hata dola nzima, hupotoshwa na hoja ya jogoo: kwamba lililotangulia ndilo lililoleta lililofuata.

Mfano mzito uko Rwanda. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana ikitoka mkutanoni Dar es Salaam ilitunguliwa mjini Kigali. Ndani yake alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Katika siku 100 hivi zilizofuata, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa. Waliotaka kujitakasa wakasema: Rais kauawa, wananchi wakapandwa na ghadhabu, wakaua. Yaani, chanzo ni ndege.

Hoja hiyo na ipimwe. Kwanza, je, mahali pengine palipokuwa na sababu hiyo hiyo palikuwa na matokeo hayo hayo? Burundi ilimpoteza Rais wake katika ndege ile ile. Viongozi wake waliwataka raia na majeshi watulie, na wimbi kama lile la Rwanda halikutokea. Ndani ya Rwanda yenyewe, mkuu wa mkoa wa Butare, Jean-Baptiste Habyalimana, alipinga mauaji, na kwa karibu wiki mbili sehemu kubwa ya mkoa wake ikasalimika. Aliondolewa madarakani, tarehe 19 Aprili rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, akahutubia huko, na maelfu wakauawa. Habari ya ndege haikubadilika. Kilichobadilika ni uongozi na amri.

Pili, kulikuwa na nini kabla ya tukio? Wanamgambo wa Interahamwe walikwisha kufundishwa na kupewa silaha, na tangu mwaka 1993 redio ya RTLM ilikuwa ikipanda chuki. Cheche iangukayo penye petroli huunguza nyumba. Iangukayo majini huzimika.

Tatu, hatia ni ya nani? Hata kama mtunguaji angalijulikana usiku ule ule, hatia yake isingalimhamia mama aliyekuwa akipalilia shamba lake. Ndiyo maana Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mawaziri, watangazaji na maofisa wa jeshi. Ghadhabu haikuwa ngao yao.

Mtego huo humngoja askari kila siku, tena kwa sura ndogo. Huletewa taarifa kwamba wageni wamehamia mtaani, kisha wizi umezidi. Basi wezi ni wao. Kabla ya kuinua rungu, na aulize: Wizi ulikuwapo kabla yao? Mitaa isiyo na wageni ina hali gani? Nani ameonekana akiiba, na kwa ushahidi upi? Bunduki iliyo mikononi mwa asiyeuliza maswali hayo hutumikia fikra za mwingine.